ALAMA NAZO NI VITAWE: JINSI YA KUSOMA SPEA NDOGO ZA BODI

Najua wenzangu katika jarida hili wameleta mashairi, mafumbo na visa vya kuvunja mbavu. Mimi nimeleta somo la spea. Usifungue ukurasa mwingine bado! Nawaomba walimu wa Fizikia wasinune nikiingia shambani mwao, na walimu wa Kiswahili wasinifukuze kwa kuleta vyuma katika jarida la lugha. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba somo hili ni la lugha vilevile.

Huku kwetu Eastlands, kuanzia Kariobangi hadi Kayole, kuanzia Jericho hadi Umoja, ni nadra kupata nyumba isiyo na kifaa kilichokufa. Chaja, king'amuzi, redio ya memori kadi, taa ya kuchaji: stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kitu huaga dunia. Fundi asiyejua kusoma hukifungua, hutikisa kichwa na kusema, "Hii imeungua bodi, nunua ingine." Kumbe mara nyingi si bodi yote iliyoungua. Ni chembe moja tu, ndogo kama punje ya mchele au chini ya hapo, na bei yake haifiki hata nauli ya matatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma.

Mimi nimefunzwa kuzisoma na mjomba wangu, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na soko la Mutindwa, Umoja. Humsaidia kila Jumamosi na wakati wa likizo. Haya nitakayoeleza nimeyaona kwa macho yangu na kuyapima kwa mita yake.

1. SPEA HIZI NI ZIPI?

Ukifungua redio ya zamani utaona rezista zenye miguu mirefu iliyopitishwa kwenye matundu ya bodi, na pete za rangi mwilini. Hizo ndizo tunazochorewa ubaoni Kidato cha Tatu. Lakini fungua simu au king'amuzi, huoni miguu wala pete. Unaona chembe nyeusi na za kahawia zimelehemiwa juu ya uso wa bodi, bila tundu. Mafundi huziita esemdi.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kulehemu spea juu ya uso wa bodi katika miaka ya 1960, na kompyuta iliyoongoza roketi za Saturn zilizopeleka watu mwezini ilitumia njia hiyo. Kuanzia miaka ya 1980 mtindo huo ukaenea katika viwanda vya dunia nzima, manake spea ndogo huchukua nafasi ndogo na mashine huweza kuzipanga upesi.

Ukubwa wake hutajwa kwa tarakimu nne. Ile iitwayo 1206 ina urefu wa milimita 3.2 na upana wa milimita 1.6. Iitwayo 0805 ni milimita 2.0 kwa 1.25. Iitwayo 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8. Iitwayo 0402 ni milimita 1.0 kwa 0.5, hiyo ukipiga chafya imepotea! Tarakimu hizo zatokana na inchi: 0805 maana yake urefu wa inchi 0.08 na upana wa inchi 0.05.

Sasa fikiria: kwa nafasi kama hiyo jina refu litaandikwa wapi? Ndiyo sababu viwanda vikayafupisha majina yakawa herufi mbili tatu. Na jina likifupishwa sana, shida huanza.

2. REZISTA: HESABU SUFURI

Rezista ya esemdi kwa kawaida ni nyeusi juu, nyeupe chini, na ncha mbili zinazong'aa kama fedha. Huandikwa kwa njia kuu tatu.

(a) Tarakimu tatu. Mbili za kwanza ni namba yenyewe. Ya tatu yakuambia uongeze sufuri ngapi. Hivyo 103 ni 10 na sufuri tatu, yaani omu 10,000, au kilo-omu 10. 472 ni omu 4,700. Hapa ndipo wengi huteleza: 470 si omu mia nne na sabini! Ni 47 bila sufuri yoyote, yaani omu 47. Vilevile 100 ni omu 10.

(b) Tarakimu nne. Tatu za kwanza ni namba, ya nne ni idadi ya sufuri. 1002 ni 100 na sufuri mbili, yaani omu 10,000. Kwa hivyo 103 na 1002 ni thamani ile ile. Tofauti ni kwamba yenye tarakimu tatu kwa kawaida yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, na yenye nne kwa asilimia 1 tu.

(c) Tarakimu mbili na herufi. Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Ukiona 01C au 68C usifikiri ni namba ya darasa. Tarakimu mbili ni nafasi katika orodha ya thamani 96, inayoanza na 100 na kuishia 976. Nafasi ya 01 ni 100, ya 30 ni 200, ya 68 ni 499. Herufi ndiyo yakuambia uzidishe kwa ngapi: A ni mara 1, B ni mara 10, C ni mara 100, D ni mara 1,000, E ni mara 10,000 na F ni mara 100,000. Kwa hivyo 01C ni 100 mara 100, omu 10,000. Nayo 68C ni 499 mara 100, omu 49,900. Orodha yenyewe ya nafasi 96 sikuikariri. Tumeibandika ukutani kibandani.

Herufi R ikiwa katikati ni nukta ya desimali. 4R7 ni omu 4.7. R100 ni omu 0.1. Na ukiona 0 au 000, hiyo ni daraja tu la kuvusha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kuna mitihani miwili ya kujua kama umesoma vizuri. Kwanza, katika alama za tarakimu tatu, zile mbili za mwanzo aghalabu hutoka katika orodha hii fupi: 10, 11, 12, 13, 15, 16, 18, 20, 22, 24, 27, 30, 33, 36, 39, 43, 47, 51, 56, 62, 68, 75, 82 na 91. Ukisoma 35 au 48, futa vumbi kwa spiriti kisha utazame tena. Pili, jibu liwe na akili. Ukisoma 189 utapata omu bilioni 18! Geuza bodi juu chini: ni 681, yaani omu 680. Spea haikukosea, wewe ndiwe uliyesimama upande usiofaa.

3. KAPASITA: BUBU NA WENYE MSTARI

Kapasita za kauri, zile za rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, karibu zote hazina alama. Ni bubu. Usijaribu kuzikadiria kwa rangi wala ukubwa. Mbili zinazofanana kama pacha zaweza kutofautiana mara elfu. Dawa yake ni kuing'oa na kuipima kwa mita yenye kipimo cha kapasita, au kuchukua kutoka bodi nyingine ya kifaa kile kile, mahali pale pale.

Kapasita za tantalamu huwa na umbo la kisanduku, za manjano au nyeusi, na hizi husema. Hesabu ni ile ile ya sufuri, lakini huanzia pikofaradi. 107 ni 10 na sufuri saba, yaani pikofaradi 100,000,000, ambazo ni maikrofaradi 100. 475 ni maikrofaradi 4.7. Volti zaweza kuandikwa kwa namba au kwa herufi: J ni volti 6.3, A ni 10, C ni 16, D ni 20, E ni 25 na V ni 35. Hivyo A475 ni maikrofaradi 4.7, volti 10. Usiweke ya volti ndogo mahali pa volti kubwa.

Sasa, msomaji, vua miwani, ifute, uivae tena, kwa sababu jambo hili limechoma bodi nyingi. Kwenye tantalamu, upande wenye mstari ni CHANYA. Kwenye kapasita ya kopo la alumini, upande wenye weusi juu ya kopo ni HASI. Kwenye dayodi, upande wenye mstari ni kathodi, ule ambao kwa kawaida umeme hutokea. Mstari ni ule ule, maana ni tatu! Tantalamu ikiwekwa kinyume haitakuonya. Yaweza kupasuka na kuwaka moto.

4. DAYODI

Dayodi nyeusi ya mstatili yenye miguu miwili bapa ndiyo rahisi kuliko zote. M7 ni sawa na 1N4007 ya miguu mirefu: ampea 1, volti 1,000. M4 ni 1N4004: ampea 1, volti 400. M1 ni 1N4001: volti 50 tu. SS14 ni dayodi ya aina ya Schottky, ampea 1, volti 40. SS34 ni ampea 3, volti 40. Hapa mtu aweza kuotea: tarakimu ya kwanza ni ampea, ya pili ni volti kwa makumi.

Kwa mita, dayodi ya kawaida husoma kama volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande mwingine haisomi kitu. Ya Schottky husoma chini zaidi, kama 0.2 hivi. Ikisoma sufuri pande zote mbili, imepiga shoti, buriani.

5. MIGUU MITATU: HAPA NDIPO VITAWE VILIPO

Mwalimu wetu ametufunza kwamba kitawe ni neno lenye maana zaidi ya moja. Ukiandika "kaa" peke yake, hakuna ajuaye kama ni kaa la moto, kaa wa baharini au amri ya kuketi. Mpaka uone sentensi yote.

Chembe nyeusi zenye miguu mitatu, miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, ni kama "kaa". Umbo ni moja, lakini ndani yaweza kuwa transista, dayodi mbili, mosfeti, au regyuleta ya kudhibiti volti. Angalia mifano hii:

1AM ni transista MMBT3904.
2A ni MMBT3906, mwenzake wa upande wa pili.
1P ni MMBT2222A.
J3Y ni S8050.
2TY ni S8550.
A7 ni BAV99, dayodi mbili katika nyumba moja.
A1 ni BAW56, dayodi mbili pia.
A1SHB ni mosfeti SI2301.
702 ni mosfeti 2N7002.
662K ni regyuleta ya volti 3.3.

Umeona A1 na A1SHB? Mtu akisoma herufi mbili za mwanzo tu amepotea njia. Na 1A peke yake yaweza kuwa MMBT3904 ya kiwanda kimoja au BC846A ya kiwanda kingine. Zote ni transista, ila ya kwanza yavumilia volti 40 na ya pili volti 65. Hakuna serikali inayogawa majina haya. Kila kiwanda hujiandikia.

Nitatoa kisa kimoja ili jambo hili likae akilini.

Mwezi wa Aprili jirani yetu mmoja, muuza dawa ya panya na mende, alikuja kibandani na kipaza sauti chake cha kuchaji. Mnavijua: hurekodiwa mara moja, kikazunguka mtaani kikirudia maneno yale yale kutwa nzima. Chake kilikuwa bubu kwa siku tatu. Siku hizo alikuwa akiita wateja kwa koo lake mwenyewe, na sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alituambia kwa kunong'ona kwamba mauzo yameshuka hata nusu, na kodi ya nyumba inabisha hodi.

"Fundi, nimetoka kwingine," alisema. "Nimeambiwa transista imekufa. Imewekwa mpya, na bado kimya."

Mjomba alifungua kifaa, akanipa lenzi. Yeye huniita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake, yaani nyanya yangu.

"Mama, soma hapo."

"Miguu mitatu, J3Y. Hiyo ni S8050."

"Sawa. Na bodi yenyewe inasema nini pembeni?"

Nikatazama. Pembeni mwa ile chembe, kwa wino mweupe wa kiwandani, bodi ilikuwa imeandikwa U2. Mpenzi msomaji, hapo nilishtuka. Kwenye bodi nyingi kila spea huandikiwa jina la ukoo wake: R ni rezista, C ni kapasita, D ni dayodi, L ni koili, F ni fyuzi, Q ni transista, na U ni aisii au kitu cha jamii yake. Kama kiwanda kilitaka transista pale, kingeandika Q.

"Na majirani zake ni kina nani?" mjomba akauliza tena.

Nikafuata njia za shaba. Mguu mmoja ulitoka kwenye betri. Mwingine ulikwenda kwenye aisii ya memori kadi. Wa tatu ulishuka kwenye hasi. Kila upande, wa kuingilia na wa kutokea, palikuwa na kapasita moja.

"Hiyo si transista bana," mjomba akasema. "Hapo palikuwa na mtu wa kupunguza volti."

Bahati nzuri fundi wa kwanza alikuwa amebandika chembe ya zamani kwa selotepu ndani ya kifuniko. Tukaitoa. Ilikuwa imeandikwa 662K. Kama ingekuwa na ncha mbili, mtu angesoma omu 6,600, lakini miguu ilikuwa mitatu, na tena 66 haimo katika ile orodha yetu ya rezista. Ilikuwa regyuleta: huchukua volti za betri, zisizozidi 6, na kutoa 3.3.

Rafuni palikuwa na redio ya memori kadi iliyopasuka, ambayo mwenyewe alituachia. Ndani yake mlikuwa na 662K nzima. Mjomba aliihamisha kwa chuma cha kulehemu, nikapima: volti 3.9 zinaingia, 3.3 zinatoka. Akabonyeza swichi. Kibanda kizima kikajaa "Dawa ya panya! Mende! Kunguni!" hata mama wa viazi ng'ambo ya barabara akaziba masikio. Jirani alilipa shilingi 200, akaondoka nacho kikiwa bado kinapiga kelele, na jioni hiyo tulikisikia hadi upande wa Kariobangi South.

Tafadhali msinielewe vibaya. Yule fundi wa kwanza si mjinga, na mikono yake ilikuwa safi kuliko yangu. Alilehemu vizuri sana kitu kisichofaa. Aliiona sura ya miguu mitatu akaiita kwa jina aliloizoea.

6. MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kutokana na hayo, mimi hufuata mpango huu, na nimeuandika nyuma ya daftari langu la Fizikia:

Kwanza, umbo gani na miguu mingapi? Hili huondoa nusu ya majina.

Pili, bodi imeiitaje? Tafuta R, C, D, L, F, Q au U pembeni.

Tatu, alama yote inasemaje? Soma kila herufi, hata ile ndogo ya pembeni, kisha geuza bodi uisome kutoka upande wa pili.

Nne, majirani ni kina nani? Umeme unatoka wapi na unakwenda wapi?

Tano, mita inasemaje? Zima kifaa kwanza, toa betri. Rezista ikiwa bado kwenye bodi yaweza kusoma chini ya thamani yake kwa sababu umeme hupitia njia nyingine pia. Lakini ikisoma juu sana kuliko alama, basi imekufa.

Majibu matano yakikubaliana, nenda Luthuli Avenue ukanunue. Jibu moja likipinga mengine, usinunue bado. Na ukifika dukani usiseme tu "nipe transista ya miguu mitatu." Hiyo ni sawa na kumwambia kondakta "nishukishe kwenye nyumba."

7. TAHADHARI

Hapa sitanii. Nyumba zetu zimebanana. Moto ukianza kwenye chaja ya mmoja, plotini hatulali.

Usiguse bodi ya chaja wala ya televisheni ikiwa kwenye stima, na hata baada ya kuichomoa: kapasita kubwa yaweza kuhifadhi zaidi ya volti 300. Sisi wanafunzi tushike vifaa vya betri kwanza, vya stima tumwachie fundi mzima. Fyuzi ikikatika, usiweke waya mahali pake. Na kwenye betri za lithiamu utaona chembe mbili, DW01 na 8205A. Hizo ni askari wa kuilinda betri isijazwe kupita kiasi wala kupiga shoti. Kuna watu huziruka kwa waya ili taa iwake upesi. Wanamfukuza askari kazini na kumwachia mwizi mlango.

Jambo lingine ni risasi iliyomo katika waya mwingi wa kulehemu. Umoja wa Ulaya uliizuia katika vifaa vingi vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, lakini bodi za zamani na waya mwingi wa kulehemu bado unayo. Fungua dirisha, usivute moshi, nawa mikono kabla ya kula. Sisi wa Eastlands tuna sababu ya ziada ya kuogopa risasi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora, linalopokea takataka za kila aina. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Watoto hao ni majirani zetu. Kila bodi tunayoirekebisha ni bodi moja isiyotupwa wala kuchomwa hapo. Ile isiyorekebishika tusiitie kwenye pipa la maganda ya viazi. Kuna kituo cha WEEE Centre upande wa Embakasi kinachopokea takataka za kielektroniki.

8. JIPIME

Funika majibu kwa rula. Kuibia ni hasara yako mwenyewe.

(1) Rezista imeandikwa 223. Omu ngapi?
(2) Rezista imeandikwa 220. Omu ngapi?
(3) Rezista imeandikwa 2R2.
(4) Rezista imeandikwa 4702.
(5) Rezista imeandikwa 01D.
(6) Kisanduku cha manjano chenye mstari upande mmoja kimeandikwa 226 na C. Ni nini, cha thamani gani, na mstari ni upande gani?
(7) Kijisanduku cheusi chenye miguu miwili bapa na mstari kimeandikwa M4. Ni nini?
(8) Chembe ya miguu mitatu imeandikwa A1, na pembeni bodi imeandikwa D5. Je, ni BAW56 au SI2301?

Majibu: (1) Omu 22,000. (2) Omu 22. (3) Omu 2.2. (4) Omu 47,000. (5) Omu 100,000. (6) Kapasita ya tantalamu, maikrofaradi 22, volti 16. Mstari ni chanya. (7) Dayodi 1N4004, ampea 1, volti 400. Mstari ni kathodi. (8) BAW56, kwa sababu bodi imeiita D, ukoo wa dayodi, na alama haina SHB. Hata hivyo ipime kwa mita kabla ya kulipa pesa.

Ukipata sita na zaidi, njoo Jumamosi tukupe lenzi. Ukipata chini ya hapo, rudia sehemu ya pili polepole.

HITIMISHO

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nami naongeza kuwa msoma pole haunguzi bodi. Elektroniki yenyewe inatungoja Kidato cha Nne, mwisho kabisa wa kitabu, lakini vifaa vya nyumbani havingojei silabasi ndivyo vife. Anza sasa na redio mbovu, lenzi ya shilingi chache na daftari. Andika kila alama unayoikuta, na mbele yake andika ulikoikuta: umbo, ukoo kwenye bodi, na majirani zake. Alama bila mahali pake ni "kaa" bila sentensi.

Nikipata wino mwaka ujao nitawaandikia kuhusu aisii za miguu minane. Kwa sasa naitua kalamu, maana kesho ni Jumamosi na mjomba amesema kuna ving'amuzi vinne vinavyoningoja. Alamsiki.